Keki ya Ghorofa Tano

Mwenye jicho bovu ndiye aliyepewa albamu ya keki achague. Heshima hiyo ilitolewa na dada yake mkubwa, shangazi wa bibi harusi, mwanamke ambaye kila harusi ya ukoo huu inamkuta tayari ameshika kalamu, na ambaye watu walimpachika jina la Mwenyekiti ingawa hakuna anayekumbuka kikao kilichomchagua.

"Baba wa bibi harusi achague mwenyewe," alisema, akamsukumia ndugu yake albamu juu ya meza ya kioo. "Isije ikasemwa mimi nimeingilia."

Baba wa bibi harusi akaifungua. Yeye ni fundi wa lipu, na mtaa mzima unamwita Gonga, kwa sababu miaka ishirini na sita hajapita mbele ya ukuta mpya bila kuugonga kwa kifundo cha kidole, asikilize kama lipu imeshika tofali au ndani kuna uwazi. Amewaumbua mafundi wenzake wengi kwa kidole hicho. Aligonga ukuta wa benki siku ya uzinduzi, mgeni rasmi yupo, akasema kwa sauti kwamba unalia kama debe. Hakualikwa tena kwenye uzinduzi wowote, na hilo alilihesabu kama sifa.

Kidole kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa jicho. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho ambaye kwa umri wake sasa alikuwa kijana wa kuoa, na la kushoto lilikwishaanza kumfuata nduguye. Kurasa za albamu zilipita mbele yake moja baada ya nyingine, nyeupe, nyeupe, nyeupe tena, kama mtu anayefunuliwa mashuka. Kwenye ukurasa mmoja akaona kitu chenye kijani kidogo, akadhani ni majani ya maua, akaweka kidole.

"Hii. Hii imetulia."

Mwokaji, mama mnene mwenye unga kwenye nyusi, alikohoa kwanza.

"Hiyo ni ya mtoto wa miaka mitatu, mzee. Ni mamba."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mke wa Gonga akaangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Bibi harusi mwenyewe, binti mwenye kuuza kwenye duka la dawa na kuzoea kusoma mwandiko wa madaktari, hakucheka. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akaichukua albamu kutoka mikononi mwake taratibu, akaifunga.

"Basi tuzungumze bei," alisema Gonga, akijifanya kwamba yule mamba alikuwa utani wake.

Bei Gonga huihesabu kwa kuta. Hajui njia nyingine. Kilo ya nyama ni robo ya ukuta, kodi ya mwezi ni kuta tano, na upasuaji wa jicho kwenye kliniki ya macho ni kuta arobaini. Hizo kuta arobaini alikuwa nazo. Yeye na mkewe walizikusanya kwa miaka miwili, na zilihitajika mwezi huu, kwa sababu msimamizi wa kazi alikwishamwambia kwa lugha ya upole kwamba kuta zake za karibuni zina mawimbi. Mwisho wa mwezi, kama jicho halijatengenezwa, Gonga angehamishiwa kwenye kuchekecha mchanga, kazi wanayopewa wanaoanza maisha na wanaoyamaliza.

"Ghorofa moja ya watu hamsini ni kuta ngapi?" aliuliza. Mwokaji akataja fedha, Gonga akazigeuza kichwani. Kuta nane. Ghorofa tatu, kuta ishirini na mbili. Ghorofa tano, kuta thelathini na sita.

"Tatu zinatosha," alisema mkewe kwa sauti ya chini.

"Wifi, tatu?" Mwenyekiti aliweka kalamu chini, jambo analolifanya kwa nadra. "Kaka yake bwana harusi alioa mwaka jana kwa keki ya ghorofa nne. Mimi nilikuwepo, nilizihesabu. Leo sisi tuwapelekee tatu? Na mama yao unamjua. Mwalimu mstaafu yule, amesahihisha madaftari miaka thelathini. Hata ukifuta kosa kwa ufutio, yeye anaona palipofutwa."

"Na jicho la mume wangu?"

"Jicho lina haraka gani? Limekaa na ukungu miaka miwili, litashindwa miezi mingine mitatu? Harusi ni siku moja. Macho anayo mawili."

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri sana kwa mtu ambaye jicho si lake. Mkewe akafungua mdomo ajibu, lakini Gonga alimtangulia. Mwanamume aliyechagua mamba mbele ya watu hawezi, dakika kumi baadaye, kuchagua keki ndogo. Ingeonekana hana macho wala fedha.

"Ghorofa tano," alisema.

*

Fedha za keki alimkabidhi binti yake asubuhi ya Jumatatu, zimefungwa kwenye bahasha ya kaki, ili azipitishe kwa mwokaji akienda kazini.

"Baba, mimi siku ile nitakula kipande kimoja tu," alisema binti. "Tena cha kulishwa mdomoni, sitajua hata ladha yake."

"Hii si keki ya kula, mwanangu. Ni keki ya kuonekana."

Alikuwa mlangoni, anatafuta kiatu cha pili kwa mguu, kwa sababu siku hizi mguu ulikuwa unaona kuliko yeye. Kiatu kilikuwa mbele yake, hatua moja. Binti akainama, akakisogeza mpaka kikagusa vidole vya baba yake.

"Nimekuelewa, baba," alisema, akatia bahasha mkobani kwa upole ambao ungemshtua baba yeyote mwenye macho.

*

Siku ya harusi kila mtu alipewa kazi. Mwenyekiti alijipa kazi sita na kipaza sauti. Gonga, ambaye hangeweza kuendesha gari, kusoma orodha ya wageni wala kufunga tai bila msaada, alipewa kazi ya kulinda keki. Akaketi ukumbini saa tano asubuhi, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe chenye fundo mgongoni, akakiangalia kitu kirefu cheupe mezani. Aliona urefu tu. Urefu ulikuwepo.

Saa nzima alikaa vizuri. Halafu kidole kikaanza kuwasha. Hapana mtu, ukumbi mtupu, na mbele yake kuna kitu kimepigwa lipu nyeupe, laini, kuta thelathini na sita za jasho lake. Angeachaje? Alisimama, akaosha kidole kwa maji ya glasi iliyokuwepo, akagonga ghorofa ya chini. Sauti ikarudi nzito, imejaa. Akatabasamu. Akagonga ya pili.

Ikalia.

Hakuamini. Akagonga tena, kwa nguvu ya fundi anayetaka ushahidi, na aisingi ikapasuka. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikabanduka, kikaanguka mezani vizuri kabisa, kama lipu ya mkandarasi mwizi. Gonga akaingiza kidole kwenye jeraha lile. Hapakuwa na keki. Palikuwa na lile povu gumu jeupe ambalo televisheni mpya huja imezungushiwa ndani ya boksi. Akagonga ya tatu, polepole safari hii. Povu. Ya nne, povu. Ya tano hakuhitaji kuigonga.

Mwokaji alipoingia amebeba trei, alimkuta mzee amesimama mbele ya keki kama askari kwenye eneo la tukio.

"Mama, nimelipa ghorofa tano," alisema Gonga. "Umeniletea moja na maboksi manne ya televisheni. Leo, mbele ya wakwe zangu. Nitakwenda polisi na kidole hiki hiki."

Mwokaji aliweka trei chini, akarudi kufunga mlango.

"Shusha sauti, mzee. Wewe umelipa ghorofa moja."

"Nimelipa tano. Binti yangu alileta."

"Binti yako alileta bahasha, akatoa humo kuta ngapi sijui, maana nasikia wewe unahesabu kwa kuta. Akasema baba amebadilisha mawazo, anataka moja ya kweli na nne za kukodi. Nikamwambia nataka nimsikie baba mwenyewe. Akaanza kulia juu ya bakuli la aisingi. Aisingi ikiingia maji imekwisha, mzee, ningefanyaje?"

Gonga akakaa.

"Zilizobaki kazipeleka kliniki ya macho," mwokaji aliendelea, sasa kwa upole. "Risiti alinionyesha, ili nisimdhanie mwizi. Unapasuliwa Alhamisi ya wiki ijayo. Zilizopungua kajazia na za gauni. Gauni nalo amekodi, kwa hiyo tafadhali usije ukaligonga na lile."

Gonga aliona aibu. Mtoto aliyemlea kwa kuta alikwenda kuvaa gauni la mwanamke mwingine ili yeye aone, na yeye, asante yake, amemtobolea keki. Chini ya ile aibu kulikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba alitamani kulia, na akalia kidogo, kwa jicho bovu, ambalo angalau kwa kazi hiyo lilikuwa zima.

"Na wageni watakula nini?" aliuliza alipomaliza.

"Trei nne za keki ya kawaida, ziko kwenye gari. Tunakatia nyuma, zinatoka zimekatwa. Sijawahi kuona mgeni akiuliza kipande chake kiliishi ghorofa ya ngapi. Ghorofa ya chini ndiyo maharusi wataikata. Hizi nyingine zinasimama tu zipigwe picha, halafu Jumatatu nazichukua. Nusu ya harusi mnazoziona zimesimama juu ya povu langu."

"Hata ile ya kaka yake bwana harusi? Ya ghorofa nne?"

"Siri za wateja sitoi," alisema mwokaji, kwa sura ya mtu anayetoa.

Nje gari lilisimama, na sauti ya Mwenyekiti ikasikika ikimsahihisha dereva. Mwokaji akaitazama keki, akauona ufa kwa mara ya kwanza, akashika kichwa. Aisingi alikuwa nayo, bakuli zima kwenye gari, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hangeweza kupaka mkate siagi.

"Lete hilo bakuli," alisema Gonga. "Na hicho kisu kipana."

Ndivyo mtu aliyewaumbua mafundi wa benki mbele ya mgeni rasmi alivyopiga magoti siku ya harusi ya mwanawe, kuziba uwazi ili usionekane. Hakuona alichokuwa anafanya. Alikwenda kwa mkono, akajaza, akavuta kisu kutoka chini kwenda juu, akalainisha kingo kwa kidole gumba. Alipogusa mara ya mwisho pakawa laini. Pengine ni ukuta bora aliowahi kupiga mwaka ule, na ulikuwa uongo mtupu.

*

Sherehe ilikwenda vizuri, yaani Mwenyekiti alizungumza sana. Maharusi wakakata ghorofa ya chini, wakalishana, trei zikatoka nyuma zimekatwa, wageni wakala bila kuuliza anwani. Gonga alianza kupumua. Alimwona binti yake kama wingu jeupe upande wa pili wa meza, na wingu lile likamgeukia mara moja, likatulia. Akajua kwamba mwokaji amekwishamnong'oneza.

Ndipo Mwenyekiti akapata wazo. Halikuwa kwenye ratiba. Mawazo yake mabaya zaidi huwa hayamo kwenye ratiba.

"Ndugu zangu," alisema kwenye kipaza sauti, "sisi si watu wa kuwaacha wakwe waondoke mikono mitupu. Hii ghorofa ya pili, nzima, haijaguswa na kisu, tunampa Mwalimu, mama wa bwana harusi. Aende akale na familia nyumbani."

Vigelegele vikapanda. Wingu jeupe likasimama nusu, likakaa. Mke wa Gonga, ambaye binti alikwishamwambia kila kitu gari likiwa njiani, alimshika mumewe goti chini ya meza, akalibana.

"Fanya kitu," alinong'ona.

"Nifanye nini? Niseme?"

Hakukuwa na cha kufanya. Mwokaji akazishusha ghorofa za juu, akaiinua ya pili juu ya sinia lake. Mwalimu akaja mbele, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba shingoni. Akaivaa miwani. Akaikagua keki upande mmoja, akaikagua upande wa pili, na kwenye upande wa pili akakawia. Kisha akapokea kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyojiandaa kupokea kilo nne, na mikono ikapanda juu yenyewe mpaka karibu na kidevu.

Gonga alingoja kicheko.

"Mh," ilisema sauti ya Mwalimu. "Nzito hii. Wanangu, njooni mnisaidie."

Vijana wawili wenye suti wakaja wakaibeba, kila mmoja upande wake, wakitembea polepole kama wanahamisha kabati. Watu wakapiga makofi. Gonga hakupiga. Alijua kwamba usiku huo, au kesho wakati wa chai, mtu angeshika kisu kwenye nyumba ile, na kisu kingegoma. Binti yake angeanza ndoa akiwa mtoto wa watu waliowafungia wakwe boksi la televisheni.

*

Wiki ikapita bila neno. Alhamisi Gonga akapasuliwa. Daktari alikuwa msichana aliyepiga mluzi muda wote, na Ijumaa bandeji ilipotolewa, Gonga aliona kwanza mluzi wenyewe, yaani midomo iliyokuwa ikiupiga, halafu ukuta nyuma yake. Ukuta ulikuwa na mawimbi. Alifurahi sana.

Jumapili picha za harusi zikaletwa nyumbani. Mwenyekiti alikuwepo, maana hangeziacha zitazamwe bila usimamizi. Gonga akachukua ile ya keki, akaisogeza karibu na jicho jipya, na furaha yake ikaisha hapo hapo. Kiraka chake kilionekana kuliko bibi harusi. Kilikuwa cheupe cha aina nyingine, kimevimba, na katikati yake, wazi kama muhuri wa posta, palikuwa na alama ya kidole gumba. Kwenye picha iliyofuata Mwalimu amevaa miwani, na macho yake yametua palepale kwenye kidole.

"Aliona," alisema Gonga. Hakujua kwamba amesema kwa sauti.

"Aliona nini?" aliuliza Mwenyekiti.

Kabla hajajibiwa, mlango uligongwa. Alikuwa Mwalimu mwenyewe, peke yake, amebeba mfuko mkubwa wa kitambaa. Walimkaribisha, wakamtolea kiti kizuri, wakamuuliza hali mara tatu zaidi ya kawaida. Mke wa Gonga alikimbilia jikoni kuweka maji ya chai ili asiwepo litakapotokea la kutokea.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," alisema Mwalimu. "Na kurudisha chombo."

Akatoa kutoka mfukoni lile povu, la duara, jeupe. Lilikuwa limeoshwa. Halikubaki hata chembe ya aisingi. Akaliweka mezani taratibu, na juu yake akaweka kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakifungua. Ilikuwa keki. Ya kahawia, imepasuka juu, upande mmoja umepanda kuliko mwingine, keki ya mtu aliyeipika mwenyewe kwenye sufuria yake.

"Si vizuri chombo kurudi kitupu," alisema.

Mwenyekiti aliangalia keki, akaangalia povu, akarudi kwenye keki. Ilikuwa mara ya kwanza ukoo huu kumwona hana ajenda.

"Mkwe," alianza Gonga, "mimi nina jambo la kukuomba radhi..."

"Huna. Ya kwetu mwaka jana ilikuwa na tatu za namna hii. Tulikuwa tunalipa ada ya mdogo wao." Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa kanga ya bega. "Ila sisi tulimpa fundi aizibe. Pale ulipoziba wewe umeacha kidole. Niliwaza nitoe kalamu nyekundu."

"Nilikuwa sioni, mkwe."

"Najua. Binti yetu amenieleza juzi, nilipombana. Amelia. Nami nikalia, sijui kwa nini." Akairudisha miwani machoni. "Na sasa unaona?"

Gonga akaitazama keki ile ya kahawia, kila ufa wake, kila punje. Akanyoosha kidole, akaigonga. Haikulia. Ilijaa mpaka pembeni.

"Naona," alisema.

"Basi Jumatatu uje kwangu. Jikoni nina ukuta mzima, ukiuegemea unaitika. Nataka uvunjwe upigwe upya, na nitalipa kama mtu baki."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika, macho yamejaa. Alikuja akaweka vikombe, akampa Mwenyekiti kisu, kwa kuwa wageni wa heshima hukatiwa na mkubwa wa nyumba. Mwenyekiti akakishika bila kukata.

"Lakini mimi niliitangaza kwenye kipaza sauti," alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya watu mia mbili."

"Tulikusikia, wifi," alisema mke wa Gonga. "Kata keki."